Mwongozo kamili: kuongoza mjadala wa wokovu na hukumu bila kurushiana mistari

Swali linaulizwa barazani Bamburi au kwenye jumuiya ya Mikindani, hapa Mombasa: "Mtu akishaokoka, anaweza kuupoteza wokovu?" Dakika kumi baadaye Mpentekoste ametaja Waebrania 6, Mbaptisti amemjibu kwa Yohana 10, Mkatoliki amekumbusha Yakobo, na Msabato anangoja zamu yake na Danieli mkononi. Mistari inatupwa kama karata. Kikao kinafungwa kwa sala ya haraka, na juma linalofuata wawili hawaji.

Kosa karibu kila mara ni lilelile: mstari unajibiwa kwa mstari mwingine kabla wa kwanza haujasomwa pale ulipo. Mwongozo huu unatibu hilo tu. Hauamui nani yuko sahihi. Umepimwa kwa kikundi cha watu 6 hadi 12 wa madhehebu mchanganyiko na kikao cha dakika 90. Mkizidi 12, gawanyikeni makundi mawili, la sivyo wanne watasema na wengine watakuwa watazamaji.

## Vinavyohitajika

Biblia za tafsiri mbili au zaidi. Union Version ya 1952 ndiyo wengi wameikariri. Ongezeni Habari Njema. Kukiwa na Wakatoliki, iwepo Biblia yenye vitabu 73, kwa sababu 2 Wamakabayo 12, inayotajwa kwenye hoja ya toharani (kutakaswa baada ya kifo), haimo katika ile ya vitabu 66. Msipokuwa nayo, nusu ya kikao itakwisha mkibishana kama kitabu hicho kipo.

Angalau Biblia tatu za karatasi. Simu humpeleka mtu moja kwa moja kwenye mstari aliotafuta na kumficha ulio juu yake. Ndiyo tabia tunayotaka kuivunja.

Karatasi mbili za manila, kalamu nene za rangi mbili na saa. Karatasi moja ni ya swali, ya pili ni ya kumbukumbu.

Maandishi rasmi ya kila kanisa, kurasa husika tu. Kwa Wakatoliki, Katekisimu ya 1992, namba 1021–1022 (hukumu ya mtu binafsi) na 1030–1032 (toharani). Kwa Waanglikana, Kanuni 39 za Imani, namba 11, 16 na 17. Kwa Wapresbiteri, sura ya 17 ya Ungamo la Westminster. Kwa Waadventista (Wasabato), namba 24, 26 na 27 za Imani zao 28. Makanisa ya Kipentekoste hayana andiko moja la pamoja, kwa hiyo kila mmoja aombe tamko la imani la kanisa lake. Watu wengi hutetea walichosikia kwenye kesha, na mara nyingine kanisa lao halifundishi hivyo hata kidogo.

Watu watatu wenye kazi: mwongozaji, mshika saa na mwandishi. Mwongozaji asiwe mchungaji. Mchungaji, padre au mzee wa kanisa akiwepo, aombwe mapema, faraghani, akubali kuzungumza mwisho. Huku kwetu watu hawampingi mchungaji machoni pake. Watanyamaza, na kimya hicho kitadhaniwa ni makubaliano.

Onyo moja kabla ya kupanga tarehe: mada hii haifanywi kwenye nyumba yenye matanga, wala kwenye kikundi ambamo mmoja amefiwa karibuni. Swali la "walio nje ya Kristo wanakwenda wapi" halibaki swali la vitabuni kwa mtu aliyemzika mama yake wiki mbili zilizopita. Ahirisheni. Kuna mada nyingine.

## Hatua ya 1: Andikeni swali moja (dakika 10)

Mwongozaji anaandika swali kwenye manila na kuuliza kila upande: "Hili ndilo mnalolibishania?" Neno likiwazuia, libadilisheni hadi wote wakubali.

Maswali ya wokovu huvurugika kwa sababu matatu huulizwa kwa pumzi moja: mtu anahesabiwaje haki (anakubaliwaje na Mungu kuwa mwenye haki), anakaaje katika neema hiyo, na anajuaje kwamba anayo. Mtu anaweza kukubaliana na mwenzake kwa la kwanza na kutofautiana naye kabisa kwa la pili.

Hukumu nayo ina matatu yake. *Nani anahukumiwa, na kwa kipimo gani?* Hapo ndipo penye Warumi 2:6 na 2 Wakorintho 5:10. *Lini?* Hapo Mwadventista ataleta Danieli 8:14 na hukumu iliyoanza mbinguni 1844, na Mkatoliki ataleta Waebrania 9:27. *Mwisho wake nini?* Hapo wanaosema mateso hayana mwisho wana Mathayo 25:46 na Ufunuo 20:10, na wanaosema waovu watateketezwa wasiwepo tena wana Mathayo 10:28 na Malaki 4:1. Chagueni moja. "Tuzungumze kuhusu jehanamu" si swali.

Mmefaulu ikiwa swali linaingia kwenye mistari miwili ya maandishi na hakuna upande unaosema limeandikwa kwa hila.

## Hatua ya 2: Chagueni kifungu kimoja na kukiwekea mipaka (dakika 5)

Kifungu kimoja tu ndicho chenye ruhusa ya kufunguliwa hadi Hatua ya 6. Mwongozaji akisahau yote mengine, hili asilisahau.

Mipaka ifuate mahali mada inapoanza na kuisha, si namba za sura. Sura ziliwekwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya zilichapishwa mara ya kwanza 1551, Paulo hakuzijua. Tazameni Wafilipi 2:12, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka". Ukiishia hapo una hoja ya matendo. Lakini sentensi inaendelea katika mstari wa 13: Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao. Anayenukuu 12 bila 13, na anayenukuu 13 bila 12, wote wamekata sentensi ya mtu katikati.

Kwa swali la kupoteza wokovu, kifungu kizuri cha kuanzia ni Waebrania 5:11 hadi 6:12. Ni mistari 16. Ndicho tutakachotumia hapa chini.

## Hatua ya 3: Kisomeni kwa sauti mara mbili (dakika 10)

Mara ya kwanza Union Version, mara ya pili tafsiri nyingine, kwa wasomaji wawili tofauti. Msomaji asiwe yule aliyeleta hoja, kwa kuwa atakaza sauti pale anapopapenda. Hakuna maoni wakati wa kusoma. Hata "Amina" ya kusisitiza ingoje.

Katika mihadhara ya hadharani, mzungumzaji humwamuru msomaji wake, "Soma hapo! Rudia!" na kumkatiza akishapata anachotaka. Ule ni uwanja wa mashindano, una kanuni zake. Mkiuleta barazani hamtasoma chochote.

## Hatua ya 4: Kiulizeni kifungu, msiulizane ninyi (dakika 20)

Hapa ndipo vikundi hukimbia, na hapa ndipo kuna kazi. Mwandishi anaandika majibu kwenye manila ya pili. Kila jibu lionyeshwe mstari kwa kidole.

Nani anasemwa? Fuateni nafsi. Katika 5:11–12 mwandishi anawaambia wasomaji "ninyi": wamekuwa wavivu wa kusikia, wanahitaji maziwa. Katika 6:1 anajiunga nao. Katika 6:4–6 anasema juu ya "hao", watu wa tatu. Kisha 6:9 anarudi kwao kama "wapenzi" na kusema kwamba kwao amesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, yaliyo na wokovu. Badiliko hilo lipo, upende usipende, na kila msimamo lazima uueleze uzito wake.

Wanasemwa nini? Orodhesheni bila kufafanua: wamepewa nuru, wamekionja kipawa cha mbinguni, wamefanywa washirika wa Roho Mtakatifu, wamelionja neno zuri la Mungu na nguvu za zamani zijazo, kisha wakaanguka.

Nini hakiwezekani? Si "kuokolewa" kwa jumla. Mwandishi anasema haiwezekani kuwafanya upya tena "hata wakatubu", yaani kuwarudisha tena kwenye toba.

Mfano gani unafuata? Mstari wa 7 na wa 8: ardhi inanyweshewa mvua na kuzaa mboga, bali ikitoa miiba na magugu, mwisho wake ni kuteketezwa. Watu huuruka mfano huu, na wakati ndio ufafanuzi wa mwandishi mwenyewe.

Ni aina gani ya maandishi? Hapa ni onyo la mahubiri katika waraka. Swali hili ni la lazima mkichagua Luka 16:19–31, tajiri na Lazaro, kwa sababu mtu anayeisoma kama mfano na anayeisoma kama ramani ya kuzimu hawatakutana popote hadi walijibu hilo kwanza. Ni la lazima pia kwa Ufunuo.

Mmefaulu ikiwa manila ina mambo manane hivi ambayo kila mtu, wa kila dhehebu, anakubali kuwa yamo. Yakiwa matatu tu, mmesoma harakaharaka. Kukiwa na neno "maana yake" kwenye orodha, lifuteni, zamu yake haijafika.

## Hatua ya 5: Kila msimamo uelezwe na asiyeuamini (dakika 20)

Mpentekoste anaeleza msimamo wa Mbaptisti, kisha kinyume chake. Mwenye msimamo anasahihisha hadi aseme, "Naam, ndivyo." Mshika saa anampa kila mmoja dakika tatu na marekebisho dakika mbili.

Sababu si adabu tu. Watu wengi hupigana na msimamo ambao hakuna mtu chumbani anayeushika. Mkatoliki hafundishwi kwamba mtu anajinunulia mbingu, na Mbaptisti hafundishwi kwamba aliyeokoka aende akaibe.

Kwa Waebrania 6 kuna njia nne zinazojulikana za kukisoma. Mwongozaji azijue zote, pamoja na jiwe lililo njiani mwa kila moja.

*Ni waumini wa kweli, na wanaweza kuanguka.* Ndivyo wasomavyo wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na Wapentekoste wengi. Wakatoliki pia hufundisha kwamba neema hupotezwa kwa dhambi ya mauti. Jiwe lao ni "haiwezekani". Mhubiri anayetumia kifungu hiki Jumamosi kwenye krusedi kuwatisha walioanguka, kisha akawaita warudi mbele, ana kazi ya kueleza. Mkatoliki naye aeleze kitubio, sakramenti ya kuungama na kusamehewa dhambi, kinasimama wapi. Jibu la kawaida ni kwamba kinachosemwa ni kumkana Kristo kwa ukaidi unaoendelea, si kila kuteleza.

*Ni watu walioonja wala hawakuzaliwa mara ya pili.* Ndivyo wasemavyo wengi wa mapokeo ya Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, na mfano wa ardhi ya miiba unawasaidia. Jiwe lao ni neno "kuonja": katika Waebrania 2:9 Yesu aliionja mauti kwa ajili ya kila mtu, na hakuna asemaye aliigusa kwa ncha ya ulimi.

*Onyo lenyewe ndilo kamba ambayo Mungu huwashikia wake wasianguke.* Wanaosoma hivi huonyesha Matendo 27: katika mstari wa 22 Paulo anaahidi hakuna atakayepotea, na katika 31 anasema mabaharia wakiacha merikebu hamwezi kuokoka. Ahadi na onyo vinakaa pamoja. Jiwe: mstari unazungumza kana kwamba wapo walioanguka tayari.

*Kinachopotea ni thawabu, si wokovu.* Jiwe ni mwisho wa mstari wa 8. Kwa maoni yetu hii ndiyo njia inayopata shida zaidi na kifungu chenyewe, ingawa 1 Wakorintho 3:15 inaipa nguvu kwingineko.

Mmefaulu ikiwa kila mmoja amesikia msimamo wake ukisemwa vizuri na mtu asiyeushika.

## Hatua ya 6: Sasa fungueni maandiko mengine (dakika 15)

Kanuni moja: kila upande unaleta andiko linalousumbua wenyewe, si linalousumbua upande wa pili.

Anayesema wokovu haupotei alete Warumi 11:22, Wagalatia 5:4 au 2 Petro 2:20–22. Anayesema unapotea alete Yohana 10:27–29, Warumi 8:29–30 au 1 Yohana 2:19, "walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu". Kwa Yohana 10 msiishie kwenye "hakuna mtu atakayewapokonya". Mstari wa 27 umeshasema kondoo hao husikia sauti na hufuata, na ubishi wa haki ni kama kondoo anaweza kutoka mkononi mwenyewe.

Kama swali lenu lilikuwa la imani na matendo, maandiko ni Warumi 3:28 na Yakobo 2:24, na yanastahili kikao kizima. Moja linasema mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, jingine linasema kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Kabla ya kuyagonganisha, angalieni kila mmoja anamjibu nani. Paulo katika Warumi 4:10 anauliza kama Ibrahimu alihesabiwa haki kabla au baada ya kutahiriwa: suala lake ni Mataifa kuingia bila tohara. Yakobo katika 2:15–16 ana ndugu aliye uchi na mwenye njaa anayeambiwa "enendeni zenu kwa amani", na katika 2:19 ana mashetani wanaoamini na kutetemeka. Wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6, lakini Paulo anakaa hapo kabla ya tohara ya Mwanzo 17, na Yakobo anasonga hadi madhabahu ya Isaka, Mwanzo 22. Chorea kikundi mstari wa maisha ya Ibrahimu wenye sura hizo tatu; utaokoa nusu saa.

Na anayedhani Wakatoliki na Waprotestanti hawajawahi kukaa juu ya jambo hili aelezwe kwamba mwaka 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, na Wamethodisti wakajiunga 2006. Tofauti hazikuisha zote, lakini si zile za mwaka 1547 kwenye mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki.

Kwa hukumu, andiko la kazi ni Yohana 5. Katika mstari wa 24 aaminiye haingii hukumuni. Katika 29 waliofanya mema wanatoka makaburini kwa ufufuo wa uzima, waliotenda mabaya kwa ufufuo wa hukumu. Msemaji ni mmoja, hotuba ni moja, mistari minne kati yake. Hapo hakuna anayeweza kukimbilia kitabu kingine.

## Hatua ya 7: Fungeni kwa orodha, si kwa kura (dakika 10)

Mwandishi anasoma safu tatu: tuliyokubaliana yamo katika kifungu, tunayotofautiana, na sababu ya tofauti. Safu ya tatu ndiyo ngumu. Mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi: andiko lipi lifafanue lingine (Warumi 8 ifafanue Waebrania 6, au kinyume), mapokeo ya kanisa yana uzito gani mbele ya maandiko, au ni vitabu vingapi vimo katika Biblia. Mkiitaja, mnajua kikao kijacho kianzie wapi.

Msipige kura. Wengi barazani si ushahidi. Ukihamia mtaa wa pili wengi watakuwa wengine. Mchungaji aliyekubali kuzungumza mwisho apewe dakika zake hapa, na asitumwe kutoa hukumu ya mechi.

## Yanayoharibu, na la kufanya

Ushuhuda kama hoja. "Mimi niliokoka na najua." Uheshimuni, uandikeni pembeni, mrudi kwenye mstari. Hauwezi kupimwa na mwingine, hivyo hauamui maana ya kifungu.

"Roho amenifunulia." Swali la kujibu ni moja, kwa upole: "Ndugu, tuonyeshe mstari tuuone nasi."

Kiyunani cha kusikia. Anayeleta neno la Kiyunani aseme amelisoma wapi na linaleta tofauti gani. Akishindwa, liachwe. Tafsiri mbili mlizonazo zikitofautiana, hilo ni jambo la kuandika kwenye manila. Zikikubaliana, kwa kawaida hakuna siri iliyofichwa.

"Ninyi Wakatoliki mnaamini..." Mwongozaji akatize papo hapo. Kila mtu aseme "sisi tunafundishwa", au afungue ukurasa ulioletwa.

Kipaza sauti. Watu 12 hawakihitaji, na jirani anayejiandaa kwa swala hakukialika kikao chenu.

Muda kupita. Mkianza saa kumi na nusu alasiri mtamaliza saa kumi na mbili, kabla giza halijaingia na wa Likoni hawajaanza kuwaza feri. Hatua isiyokwisha ihamishiwe juma lijalo; msiikate Hatua ya 4 ili kuokoa Hatua ya 6.

Mtu aliyetishika. Waebrania 6 na 10:26, pamoja na Mathayo 12:31–32 juu ya kumkufuru Roho, humwacha mmoja akiamini kwamba amekwisha. Dalili ni ukimya wa ghafla, au maswali yanayorudia "lakini je, mtu akifanya..." Msimjibu mbele ya kikundi, wala msimtumie kama mfano. Baada ya kikao mwongozaji amfuate peke yake, amwulize anachoogopa, na kwa ruhusa yake amwunganishe na mchungaji au padre wake mwenyewe siku hiyohiyo au kesho yake. Amwonyeshe pia kwamba kifungu kinazungumza juu ya watu ambao haiwezekani kuwarudisha kwenye toba, na walimu wengi wa misimamo hiyo minne hukubaliana kwamba anayelia akitaka kutubu si anayeelezwa pale.